Miguu ya Msichana wa A Coruña

Jumamosi jioni ilikuwa siku ya kutolewa funza. Mama alitufanyia kazi hiyo nje, jua likiwa bado lipo, kwa sababu mwanga wa koroboi haukumtosha. Tulikuwa watoto watano. Tulikaa kwa zamu juu ya kinu kilicholazwa, mguu ukiwa pajani kwake. Pini ya kikwapa ilipitishwa kwenye moto kwanza. Kisha aliushika unyayo, akaugeuza huku na huku, akachokonoa taratibu kuzunguka kile kidoa cheusi mpaka kifuko cheupe kikatoka kizima bila kupasuka. Tundu lililobaki alilijaza mafuta ya taa. Alikuwa haongei wakati wa kazi ile. Nilichokuwa nikiona ni utosi wake tu na fundo la kitambaa kichwani, na mpaka leo sijapata mtu mwingine wa kuitazama miguu yangu kwa makini ya namna hiyo.

Pini ile niliikumbuka mwaka jana nikiwa Paris, nimesimama mbele ya picha iliyochorwa kwa rangi za mafuta, ya mtoto wa Kihispania.

Niseme kwanza nilifikaje huko. Mimi ni fundi cherehani, nashona Tanga mjini, na zaidi ya nusu ya kazi yangu ni sare za shule. Kwetu ni milimani, Lushoto, juu upande wa Mlalo, ambako mwezi wa saba ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne asubuhi. Mdogo wangu ana mwaka wa tisa sasa Ufaransa, anahudumia wazee majumbani mwao. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama hakuweza kusafiri kwa sababu ya magoti, nikatumwa mimi kwenda kumtunza mzazi. Nilikaa miezi miwili na nusu. Nilimpikia uji wa pilipili manga, nilimkanda, nilimwogesha mtoto. Arobaini ilipopita shemeji akasema, sasa tokeni mkapate hewa, Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho kadhaa hayatozi kiingilio. Mvua ilikuwa inanyesha. Mdogo wangu akamfunga mtoto kifuani, tukaenda kwenye Makumbusho ya Picasso.

Picasso nilikuwa namjua kama wengi tunavyomjua, kwa zile sura zenye macho mawili upande mmoja wa pua. Nilidhani nitapita haraka haraka nikatafute pa kukaa. Lakini katika chumba kimoja cha mwanzoni nikakutana na huyu mtoto, na sikuondoka pale mpaka mdogo wangu alipokuja kunigusa bega.

Picha yenyewe si kubwa. Urefu wake ni sentimita 75 na upana 50, kipande ambacho mimi ningekata mikono miwili ya blauzi nikabakiwa na kidogo. Ndani yake amekaa msichana mdogo, peke yake. Gauni lake ni jekundu, lakini wekundu wa nguo iliyofuliwa mara nyingi. Mabegani ametupiwa shali nyeupe. Mikono ameikutanisha mapajani, kama wanavyokaa watoto walioambiwa watulie. Nyuma yake ni giza la ukuta mtupu. Hakupewa ua la kushika wala kikapu, hakuwekewa mbuzi pembeni ili watu wa mjini wafurahie shamba. Nywele zimerudishwa nyuma, macho ni makubwa, meusi, na ukiyatazama sana unaona hayalingani, moja limekaa juu kidogo kuliko jingine. Anatazama mbele. Uso wake si wa kulia wala wa kucheka, ni uso wa mtu aliyesubirishwa.

Halafu unashuka chini, gauni linaisha, na hapo ndipo ilipo miguu.

Ni mipana, mizito, imetua sakafuni kama vitu viwili vilivyobebwa kutoka mbali vikawekwa chini. Haiendani na uso. Uso ni wa mtoto, miguu ni ya mama wa watoto sita. Mchoraji hakuifunika kwa kivuli wala kwa pindo la gauni. Ameisogeza huku kwetu, na rangi ameiweka nene, akifuata vidole kimoja kimoja. Nilipoiona nilijua kwamba aliyeichora aliitazama kwanza, kwa muda mrefu, akiwa ameinama.

Kwa Kifaransa wameiita picha hiyo La Fillette aux pieds nus, msichana mdogo wa miguu mitupu. Ilichorwa mwanzoni mwa mwaka 1895 katika mji wa A Coruña, kaskazini magharibi mwa Hispania. Pablo Ruiz Picasso alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1881, kwa hiyo siku alipomkalisha mtoto huyu kwenye kiti yeye mwenyewe alikuwa na miaka 13. Mdogo wangu alinisomea kile kibao ukutani, nikamwambia rudia. Akarudia. Miaka 13 ni umri wa darasa la saba kwetu.

Niliporudi nyumbani usiku ule, mtoto akiwa amelala, nilimwomba mdogo wangu anisaidie kusoma zaidi, na tuliendelea hivyo usiku mwingi. Nitaandika tuliyoyapata, maana kwa Kiswahili sijayaona yakisimuliwa.

Picasso si mtoto wa A Coruña. Alizaliwa Málaga, kusini, mji wa jua. Baba yake, José Ruiz Blasco, alikuwa mchoraji na mwalimu wa kuchora, na mwaka 1891 alipata kazi katika shule ya sanaa ya A Coruña, akahama na mke na watoto watatu. Walifika majira ya mvua yakianza. Galicia, jimbo lenye mji huo, ni nchi ya upepo wa bahari kuu, mvua na ukungu, na baba hakuizoea kamwe. Mtoto aliizoea. Alikuwa akitengeneza magazeti yake madogo ya mkono na kuyajaza michoro ya watu wanaopigwa na mvua na upepo, miavuli imepinduka, sketi zimepeperuka, ili ndugu wa Málaga waone familia inaishi wapi. Mnara wa taa wa Warumi ulioko pale, Torre de Hércules, ambao bado unafanya kazi, yeye aliuita mnara wa peremende.

Galicia ya wakati ule ilikuwa maskini. Mashamba yalikuwa yamegawanywa vipande vipande mpaka hayatoshi kulisha nyumba, na watu kwa maelfu walikuwa wakipanda meli hapo hapo bandarini A Coruña kwenda Cuba na Argentina. Waliobaki vijijini kulima, kuchunga na kubeba mizigo kuleta sokoni walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake na watoto. Mwenye uwezo kidogo alivaa viatu vya mti vya kukanyagia tope, jamaa ya mtalawanda wetu wa pwani. Asiye na uwezo alikanyaga tope lenyewe. Picasso alipokuwa mtu mzima alieleza kuwa wasichana maskini wa kule walitembea pekupeku siku zote, na kwamba huyu aliyemchora miguu yake ilikuwa imejaa vidonda vya baridi. Ni ule ugonjwa wa vidole kuvimba, kuwa vyekundu na kuwasha usiku ukiwa karibu na moto. Sisi wa Usambara tunaujua, hata kama hatukuupa jina. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa sita na wa saba, umande wa kule ni kama maji ya kwenye mtungi. Tulikuwa tukitembea juu ya kingo za njia penye nyasi ili tusikanyage kokoto, na tukifika shule tunasimama mstarini mguu mmoja juu ya mwingine, tunabadilishana, wa kulia unapasha wa kushoto.

Hapa lazima nisimulie habari ya picha ya darasa la saba.

Mwaka 1993 alikuja mpiga picha shuleni kwetu, na kila mzazi alitoa pesa yake. Mama aliuza debe la viazi. Siku ile niliamka mapema, nikaisugua miguu kwa jiwe mtoni mpaka magaga yakatoka damu, nikaipaka mafuta ya nazi. Sare yangu ilikuwa safi, na kola alikuwa amenigeuzia mama mwenyewe, upande uliochakaa ukaingia ndani. Tulipopangwa, mwalimu akapita mbele yetu akitazama chini. Akasema: wenye viatu wakae mbele kwenye mabenchi, wasio na viatu wasimame nyuma. Hakusema kwa ubaya, hakufoka. Alikuwa anaipanga picha itoke nzuri. Lakini mimi nilikuwa mfupi kuliko wote darasani. Mahali pa mfupi ni mbele, kila mtu anajua hivyo. Nikaenda nyuma. Picha ilipokuja, baada ya wiki tatu, mimi ni kipande cha paji la uso na sikio moja katikati ya mabega mawili. Mama aliishika, akaitafuta sura yangu. Nilimwonyesha kwa kidole. Akasema ah, kumbe huyo hapo, akaiweka ndani ya Msahafu na hatukuizungumzia tena.

Nimeibeba picha ile miaka thelathini. Na jambo zito zaidi ni hili: mimi mwenyewe nimekuwa nikifanya kama mwalimu yule. Januari watoto wakija kujaribu sare, wazazi huniomba niwapige picha kwa simu wawatumie baba zao walio mbali. Wengi husema, dada, piga kuanzia magotini kwenda juu. Nami napiga hivyo. Nyakati nyingine hata siambiwi, nakata tu miguu kwa sababu nimeona kandambili zimeshonwa kwa waya. Nilidhani ninawasitiri. Pale Paris, mbele ya mtoto yule, nilianza kuwahesabu na sikuweza kumaliza.

Mvulana wa miaka 13 angeweza kukata. Turubai, kile kitambaa cha kuchorea, ilikuwa yake. Angemchora kuanzia kifuani kwenda juu, ikawa picha ya msichana mwenye macho mazuri na shali nyeupe. Mwaka ule ule, katika mji ule ule, alichora pia mzee maskini mwenye kofia, na huyo amemwishilizia juu, mwili haufiki miguuni. Kwa hiyo alijua kuwa njia hiyo ipo. Kwa msichana huyu hakuifuata. Alimpa turubai ya kusimama wima, akampimia nafasi mpaka chini, na sakafu kidogo ikabaki mbele ya vidole.

Nimefikiri sana kwa nini, na mambo mawili ya maisha yake naona yanahusika.

La kwanza ni njiwa. Baba yake alikuwa mchoraji wa njiwa. Inasimuliwa kwamba macho yalipoanza kudhoofika alikuwa akimwachia mtoto amalizie miguu ya njiwa, ile kazi ndogo ya kucha na magamba yaliyojipanga juu ya vidole. Siku moja, wanasema, aliporudi akaiona miguu imechorwa vizuri kupita uwezo wake mwenyewe, akamkabidhi mwanawe brashi na rangi zake. Wapo wanaosema hadithi hiyo imetiwa chumvi. Mimi nimefundishwa kazi na shangazi yangu, na najua kuwa mwanafunzi hupewa kwanza vile vitu ambavyo mtazamaji havioni. Mimi nilianza na vifungo na pindo, mwaka mzima, kabla sijaruhusiwa kushika mkasi. Anayekaa mwaka mzima na pindo hawezi tena kuitazama nguo bila kuangalia chini kwanza. Naamini mtoto aliyechora kucha za njiwa alijifunza kitu cha namna hiyo.

Tena shuleni kwa baba yake wanafunzi walikuwa wakichora kwa mkaa viungo vya plasta, mikono, miguu na viwiliwili vilivyofinyangwa kufuata sanamu za kale. Michoro ya Picasso ya miaka ile ipo. Ni safi ajabu kwa umri wake. Viungo vya plasta ni vyeupe na laini, havina magaga, havijawahi kubeba kuni. Kutoka kwenye plasta hadi kwa msichana huyu ni safari ndefu, na aliifanya kabla hajatimiza miaka 14.

La pili ni msiba. Picasso alikuwa na dada wawili wadogo, Lola na Conchita. Tarehe 10 Januari 1895 Conchita alifariki kwa dondakoo. Alikuwa na miaka saba. Dondakoo ni ugonjwa wa koo ambao utando unaota na kuziba njia ya hewa, na siku hizi tunaujua kwenye kadi ya kliniki tu, ni mmojawapo wa yale magonjwa matano yanayochanjwa kwa sindano moja mtoto akiwa na wiki sita. Dawa ya kuutibu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kusifiwa Ulaya mwaka mmoja nyuma. Inasimuliwa kuwa kijana Pablo aliweka nadhiri kwa Mungu kwamba dadake akipona, yeye ataacha kuchora. Hakupona.

Na picha hii ni ya majuma yaliyofuata. Nilipolisikia hilo nilimtazama mdogo wangu, na yeye alikuwa ananyonyesha, akanitazama. Sisi pia tuliwahi kuzika mdogo wetu, wa nne katika wale watano wa kwenye kinu. Sitaandika habari zake hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba nyumba iliyotoka kuzika mtoto huwa inawatazama watoto wa wengine kwa namna yake. Mama, mwaka ule, alikuwa akisimamisha watoto wa njiani, hata asiowajua, akiwakagua kucha.

Jina la msichana halikuwekwa kwenye picha. Jina la mchoraji wakati ule lilikuwa P. Ruiz tu, kwa baba yake, hilo la Picasso ni la upande wa mama na lilikuja kutawala baadaye. Mwaka huo huo wa 1895 familia iliondoka A Coruña, baba alipata kazi Barcelona, na kijana akaanza safari iliyomfikisha alikofika. Akahama nyumba, miji na nchi. Akabadilisha namna ya kuchora mara ambazo wataalamu wanazihesabu kwa majina. Aliuza picha, aligawa picha. Hii hakuiuza. Alikaa nayo mpaka alipofariki Mougins, kusini mwa Ufaransa, tarehe 8 Aprili 1973, akiwa na miaka 91. Kutoka siku alipomkalisha mtoto yule mpaka siku hiyo ni miaka 78.

Ufaransa ina sheria ya mwaka 1968 inayoruhusu warithi kulipa kodi ya mirathi kwa kazi za sanaa badala ya pesa. Warithi wa Picasso wakalipa hivyo, na picha na sanamu walizotoa ndizo zilizoanzisha makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1985. Jumba lenyewe ni la zamani, lilijengwa kati ya 1656 na 1659 na mtu aliyekuwa akikusanya kodi ya chumvi, ndiyo maana watu wa mjini wakaliita Hôtel Salé, jumba lililotiwa chumvi. Ngazi zake ni za mawe meupe, dari imechongwa, ukipanda unahisi unaingia arusi ya tajiri. Kodi ile ya chumvi ilichukiwa sana na maskini wa Ufaransa, maana hakuna jiko lisilotia chumvi. Na sasa amekaa humo mtoto wa Galicia, miguu mitupu, naye ameingia kwa njia ya kodi. Nilipanda ngazi zile mara mbili kabla sijarudi Tanga.

Baada ya hapo mdogo wangu alinipeleka pia kwenye makumbusho ya Louvre, kwa sababu nilikuwa nimeanza kutafuta miguu katika kila picha. Ipo pale moja ya Murillo, Mhispania wa karne ya kumi na saba, ya mvulana ombaomba anayejitoa chawa karibu na dirisha. Nyayo zake zinaonekana kabisa, nyeusi kwa uchafu. Ni picha nzuri mno, jua lake hulisahau. Lakini mvulana yule ameinamisha kichwa, yuko na shughuli zake, nawe unamchungulia. Msichana wa A Coruña huwezi kumchungulia. Yeye alikuwa amekwishakaa, anakusubiri, na wewe ndiye unayejikuta hujui macho uyaweke wapi, kwenye macho yake au kwenye vidole vyake. Mimi nilipomaliza kutazama miguu nilishindwa kurudi usoni kwa muda.

Kwa jicho la kazi yangu niseme pia juu ya gauni, maana wengi wanalipita. Halikumkaa. Kitambaa kimejikusanya kiunoni na mapajani kama cha nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mwingine, na mikunjo imechorwa mizito, ya nguo nene ya baridi, haina ulaini wa pamba. Mimi ningesema ni ya kurithi. Watoto wanaorithi nguo huwa wanakaa namna hiyo, mabega mbele kidogo, kwa sababu kitambaa kinawavuta. Shali ile nyeupe imechorwa haraka zaidi, kwa mikato mipana ya brashi, na inaonekana kama imewekwa siku ile ile. Huenda ilitoka kwenye kabati la nyumba ya mchoraji. Hilo ni wazo langu la kifundi, wala silisemi kama habari. Ila kila nikiitazama shali naona mkono wa mtu wa nyumba ile, aliyeingia chumbani akamkuta mtoto anatetemeka.

Siku tatu kabla ya kurudi tulimpigia mama simu ya video. Kaka yetu alikuwa ameenda Mlalo, akamshikia simu. Shikamoo mama. Marahaba wanangu, mtoto yuko wapi. Tukamwonyesha mtoto kwanza, kama ilivyo haki, akamsifia na kumwombea. Kisha nikamtumia kaka picha niliyoipiga makumbusho, nikamwambia aikuze, amwonyeshe mama upande wa chini.

Mama hakuuliza ni ya nani. Aliisogeza simu karibu na uso, kwa hiyo sisi huku tukawa tunaona kitambaa chake tu, kama zamani.

"Huyu ametoka kuchota maji," akasema.

Nikamwambia ni mtoto wa Hispania, amechorwa zamani, mwaka 1895, na aliyemchora alikuwa mtoto wa miaka 13.

"Na huyo mchoraji, yeye alikuwa na viatu?"

Nikasema ndiyo mama, alikuwa mtoto wa mwalimu.

Akanyamaza. Kaka alijaribu kuichukua simu, akamwambia ngoja. Tulimsikia anapumua. Nilitaka kumuuliza habari za picha ya darasa la saba, kama bado ipo ndani ya Msahafu, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, lakini akanitangulia.

"Vidole hivi vimeshikwa na baridi," akasema. "Vinamuuma." Halafu uso wake ukarudi kwenye kioo, akamtafuta mdogo wangu kwa macho. "Na wewe huyo mtoto huko mvua inanyesha kila siku, umemvalisha soksi?"

Mdogo wangu akainua mguu mmoja wa mtoto mbele ya kamera, soksi ya manjano, akauzungusha ili mama auone pande zote.